Uzito wa Dereva

Takasaki, 11 Aprili 1994

Chizuru,

Wenzangu huanza barua kwa kusifia maua ya mcheri. Mimi leo sina maua. Nina tairi la mumeo juu ya meza.

Limeletwa jana na mtu wa vifurushi. Nilipolifungua nilidhani mmenitumia mzoga. Upande wa nje jipya kabisa, hata vinyweleo vya kiwandani bado vipo. Upande wa ndani kipara, na baada ya kipara, waya. Waya, Chizuru! Nikapitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, laini kama sahani. Nikakirudisha, meno ya msumeno, nikatoka damu. Ptuu!

Miaka thelathini na minane napanga magurudumu ya magari yakae sawa. Nimeona matairi ya walevi. Nimeona ya wale vijana wanaotandaza magurudumu kama miguu ya chura ili watazamwe njiani. Hayo yote nayavumilia, wenyewe hawajui. Lakini hili la Daigo linanitia kichefuchefu kwa sababu gari nililipanga mimi, Januari, kwa mikono hii. Nilivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Kwenye kiti cha dereva nikapakia magunia matatu ya mchele na ndoo ya nati, kilo mia na kumi na mbili, uzito wa mumeo kamili, maana gari la mbio ni kama suti, hushonwa kwa mwili wa mwenyewe. Gari jepesi vile likibebeshwa mtu mnene vile huinama kulia, kwa hiyo nikapandisha springi ya kulia hadi likakaa sawa. Lilitoka hapa limenyooka.

Miezi mitatu tu, limekuwa hivi! Jibu ni moja: amegusa. Ameshika spana yake ya kuungia meli akachokonoa kazi yangu.

Unasema kuna mbio za Juni, halafu fainali ya Oktoba, na mshindi wa fainali ndiye ataingia mashindano ya taifa mwaka kesho. Unasema mafundi wote wa Okayama wamekuna vichwa, hakuna ila mimi. Sawa. Aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, aombe radhi. Bila hivyo gari hilo siligusi, na hiyo taifa aende kwa miguu.

Baba yako,
Kuwabara Isaku


Okayama, 15 Aprili 1994

Mume wangu Daigo,

Mzee amejibu. Nimeiweka barua yake ndani ya hii. Isome ukishakula, ukiisoma kabla hutakula.

Umeona? Anadhani dereva ni wewe. Wewe! Ile siku ulipojaribu kuingia kwenye kile kiti tulikutoa watu watatu, na shati likabaki ndani. Nimecheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikakatika.

Nikimwambia ukweli imekwisha. Unamjua baba yangu. Alishasema mbele ya wateja kwamba binti yake akionekana kwenye gari la mbio, atalipiga nyundo gari hilo yeye mwenyewe mpaka liwe bati. Miaka tisa nimemshikia ncha ya uzi. Spana sikupewa.

Na shida naijua, Daigo, si kwamba siijui. Kalipanga kwa kilo zako. Mimi nina arobaini na sita. Nikikaa, upande wa kulia unabaki juu, gurudumu linatazama nje, na tairi linajikwangua njia nzima. Kila nikifunga breki linanivuta mkono. Ningeweza kufungua na kupanga upya, lakini nati zote amezipaka ile rangi yake ya njano. Ukifungua tu, rangi inapasuka, na gari likirudi kwake anaona. Halafu, nikuambie kweli, sijiamini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutojiamini, na alinifundisha vizuri.

Basi nakuomba. Andika kwamba uligusa. Omba radhi. Na umwambie umekonda, tena umekonda sana, ili apunguze magunia. Hata akipunguza moja tu nitapona.

Naona kinyaa kukuomba hivi. Lakini nataka ile fainali kuliko nilivyowahi kutaka kitu, isipokuwa wewe, na wewe nilikupata bila mashindano.

Mkeo,
Chizuru


Bweni la Mafundi wa Meli, Imabari
20 Aprili 1994

Kwa Baba Mkwe, kwa heshima kubwa,

Majani mabichi yamechipua vilimani huku, na upepo sasa una joto la kupendeza. Natumaini wewe ni mzima na kiuno hakikusumbui.

Baba, nimekosa. Niligusa. Niligusa ile nati ya upande wa kulia, na nyingine iliyo jirani yake. Niliigusa kwa spana. Sijui ni shetani gani aliyenituma. Nainamisha kichwa mpaka kwenye mkeka.

Naomba utupangie tena gari kabla ya Juni. Nitalileta mwenyewe juu ya lori katikati ya Mei. Pia napenda kukujulisha kwamba nimekonda. Chakula cha bweni ni kibaya sana. Ningeshukuru kama jambo hilo ungelifikiria.

Chizuru anakusalimu. Yeye hana kosa lolote na wala hahusiki na magari.

Mkweo,
Nonomura Daigo


Takasaki, 16 Mei 1994

Mkwe,

Umeondoka jana na bado nina hasira. Nimeona niimalizie kwenye karatasi.

Umekonda! Nimekupandisha kwenye mizani ya mchele, mizani ikalia. Kilo mia na kumi na tano. Chakula kibaya hicho cha bweni lenu nami wanitumie. Mwanamume mzima kumdanganya baba mkwe wake kuhusu tumbo ambalo liko mbele ya macho yake. Nilitamani ardhi inifiche, si kwa ajili yako, kwa ajili ya binti yangu.

Hilo ni dogo. Nilipolala chini ya gari nikakuta rangi yangu ya njano haijapasuka hata nati moja. Nikajiuliza, huyu kasema aligusa, kagusa nini? Kisha nikaelewa. Ulifungua, ukaharibu, halafu ukaenda kununua rangi kama yangu ukapaka juu. Kwa ustadi, nakiri. Akili ya namna hiyo ungeitia kwenye breki ungekuwa bingwa leo. Umeitia kwenye uongo. Mimi mtu akiniharibia kazi namkasirikia. Akiniharibia kisha akapaka rangi, huyo simwiti hata fundi mbovu.

Na kile kiti! Umekisogeza mpaka kimebusu usukani. Unaendesha magoti yakiwa masikioni? Ndiyo mitindo ya Okayama hiyo? Nimekirudisha nyuma mahali pa binadamu.

Nimelipanga upya lote. Nimeongeza mchele kwa kilo zako tatu mpya na springi ya kulia nimeipandisha tena kidogo. Limenyooka. Likirudi bovu, usitafute fundi, tafuta kioo.

Chizuru ulimwacha wapi? Nilidhani atakuja nawe. Nilikuwa nimemnunulia zile konyaku za hapa kwetu, ile jeli ya kiazi. Nimezila mwenyewe.

Kuwabara Isaku


Takasaki, 25 Juni 1994

Wewe Daigo,

Tairi la mazoezi ulilonitumia limefika asubuhi hii. Gurudumu lile lile la kulia, ukingo ule ule wa ndani. Wiki tano! Safari hii hata halikungoja miezi mitatu.

Nimelitupa uani. Paka wa jirani amekuja, amelinusa, amegeuza mgongo. Hata paka.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Nilimpa binti yangu kwa mtu niliyedhani ni bonge la mjinga mwenye moyo mzuri. Mjinga nilimwona sawasawa. Moyo naona nilikosea. Mtu asiyeheshimu tairi haheshimu kitu. Leo unaniharibia mlalo wa gurudumu, kesho utamharibia yeye maisha, kisha upake rangi ya njano juu. Nikifikiria kwamba anakupikia na kukufulia, nasikia kutapika. Bora angebaki hapa ananishikia uzi.

Naona kesho ndiyo mbio. Kashindwe salama. Na likitokea la kutokea ndani ya gari hilo, usije kulia kwangu. Kosa litakuwa la aliyekalia kile kiti.

Kuwabara


Okayama, 26 Juni 1994

Baba Mkwe,

Samahani, naanza bila salamu.

Leo saa nne na nusu asubuhi, mwisho wa barabara iliyonyooka, tairi la mbele kulia lilipasuka wakati wa kufunga breki. Lilipasukia ukingo wa ndani. Gari lilivuka mchanga likapiga ukuta wa matairi. Dereva amevunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Hatakufa. Daktari amesema mara tatu, nami nimemfanya aseme mara ya nne.

Dereva ni Chizuru. Dereva tangu mwanzo ni Chizuru. Mimi siingii kwenye kile kiti. Sijawahi kugusa nati yako yoyote na sijanunua rangi. Ana kilo arobaini na sita.

Nilipiga simu gerejini hukupokea, ndiyo nimeandika. Tafadhali usimkasirikie. Kama lazima ukasirike, mimi nimeshazoea.

Daigo


Okayama, 24 Julai 1994

Baba,

Tikiti lako, tunda la kumpelekea mgonjwa, lilifika ndani ya kisanduku chake cha mbao, na utepe wake. Neno hata moja halikuwemo. Mwezi mzima nimesubiri neno lako. Tikiti nimewapa wauguzi.

Barua yako kwa Daigo, ile ya kabla ya mbio, ilifika tarehe ishirini na nane Juni. Alikuwa anashinda na kulala pale pale hospitalini, jirani akamletea. Aliisomea kwenye korido. Nilimwona kwenye upenyo wa mlango, lile lijitu lote, amesimama anasoma, anarudia kusoma. Kisha akaikunja ndogo ndogo, akaingia, akaniambia, "Baba anakusalimu." Baadaye nikaitoa mfukoni mwake alipolala. Baba, nilitapika. Ukiwa na mbavu mbili zimevunjika, kutapika si mchezo.

Mimi nina langu, na silifichi. Nilimwacha mtu mwema atukanwe miezi mitatu kwa ajili yangu, nikanyamaza kwa kuwa nilitaka gari. Nikijitazama kwenye kioo siku hizi naangalia pembeni. Mficha uchi hazai, nimeliona hilo sasa.

Lakini wewe! Kiti kimesogezwa mpaka usukani. Rangi haijapasuka. Dereva wako anaingia mlango wa gereji kwa ubavu. Wewe unayesoma tairi kama gazeti, unayejua kutoka kwenye mpira kwamba mteja amegombana na mkewe, hukuona? Uliona. Ila jibu lililobaki lilikuwa mimi, na jibu hilo hukulitaka, bora Daigo awe mwongo, awe mwizi, awe na kopo la rangi. Nyani haoni kundule, Baba. Umetafuta mtu wa kumtemea mate nchi nzima, na magunia ya mchele umeyapakia mwenyewe.

Najua kazi ya uongo wetu katika hili. Tungekuambia kilo zangu ungepanga sawa. Ama usingepanga kabisa. Hilo la pili ndilo tuliloogopa, na nani alitutia hofu hiyo?

Jana nimefungua nati zako zote. Gari limenyooshwa na marafiki, bado baya kwa sura, lakini lina magurudumu manne. Rangi yako ya njano ilipasuka ikaanguka sakafuni, nikaifagia. Daigo alishika ncha ya uzi. Anatetemesha uzi vibaya sana na kila dakika anauliza, "Hivi? Hivi?" Mimi nimepima kwa mkono mmoja, huu mwingine bado umefungwa. Kwenye kiti tumeweka gunia moja na matofali. Springi ya kulia nimeishusha. Nimemaliza saa mbili na nusu usiku, na sikumwuliza mtu kama ni sawa.

Fainali ni tarehe tisa Oktoba. Daktari anasema bega litakuwa tayari. Usije. Usitume mchele, wala ushauri, wala tikiti.

Chizuru


Takasaki, 17 Oktoba 1994

Chizuru,

Tairi limefika. La mbele kulia. Barua hamna, ila kikaratasi kimebandikwa kwa gundi, kwa mwandiko wa Daigo, herufi kubwa kama yeye: "Wa kwanza."

Nimelitazama siku mbili. Nimepitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, na ndani kwenda nje. Nimepima kina cha mifereji sehemu nane, nikalala, nikaamka nikapima tena. Limelika sawa pande zote. Baba mwingine angefunga duka akanywa sake. Mimi nilikuwa natafuta kosa. Siku mbili, mzee wa miaka sitini na tatu, nimepiga magoti mbele ya tairi la mwanangu namtafutia kosa. Nilipolikosa, nilisikitika. Nilihisi kabisa huzuni ile inaingia, nikajua ni huzuni ya nini, nikatoka nje nikatema mate. Karaha niliyopata kwa tairi la Aprili haikufika hata nusu ya hii.

Uliandika kwamba niliona. Ni kweli. Nilipokirudisha nyuma kile kiti mwezi wa Mei, kulikuwa na kibanio chako cha nywele kwenye reli. Nilikitia mfukoni, nikaendelea kupakia mchele. Sikujiambia chochote. Mtu anaweza kufanya hivyo, asijiambie chochote, na mikono ikaendelea na kazi. Kama ungekufa, ningekuwa nimekuua mimi, na kibanio nikiwa nacho.

Daigo nimemwandikia barua yake peke yake. Akikuonyesha ni hiari yake. Nimemwambia kwamba katika yale maneno ya moyo wake nilikuwa nauelezea wangu.

Kuna jambo moja hulijui, na nisipoliandika leo sitaliandika.

Unakumbuka gari la yule daktari wa meno wa Maebashi, lile jeupe. Ulikuwa na miaka ishirini. Mimi nilikuwa mazikoni, yeye alikuwa na haraka ya kwenda kwenye mbio, ukalipanga peke yako. Niliporudi nilikukuta umesimama kando yake unacheka na mikono imejaa grisi. Nikakuambia nenda kapike chai. Halafu mbele ya mteja nikafungua nati zako zote, nikasema kazi ya msichana haiwezi kutoka na jina langu.

Nilivuta uzi upya. Nilitumia saa tatu, nawe nikakuzuia jikoni muda wote huo. Vipimo vilipotoka vilikuwa vile vile vyako, gurudumu la kwanza mpaka la nne, hakikupungua wala kuzidi hata kimoja. Nilivifuta kwenye ubao kabla hujarudi. Nikamwambia daktari nimesharekebisha makosa ya mtoto, akainama, akanishukuru. Wewe ulikuwa umefika mlangoni na sinia, ukasikia, ukanisogezea kikombe, na tangu siku ile hukuomba tena spana.

Chai niliinywa yote.

Isaku